Je, wajua? Mtoto wa paka hafundishwi kufukia kinyesi chake

Kwa miaka mingi niliamini kuwa paka hujifunza choo kwa kuaibishwa. Akikojoa kwenye zulia, mshike shingo, msugue pua pale pale, mzabe kikofi, naye ataelewa. Kwetu paka wote walifanyiwa hivyo, na wangu nikawafanyia vilevile. Ni kosa, tena linamuumiza mnyama bure. Paka haunganishi kofi na mkojo wa dakika kumi zilizopita. Anauhusisha uchungu na mkono uliomshika. Kesho atakojoa tena, safari hii chini ya kitanda usikomwona, na utasema ana kisirani.

Wapo wasiopiga, ila humshika miguu ya mbele na kumchimbisha mchanga kwa nguvu. Wengine husema mwalimu ni mama yake. Lakini hata watoto wa paka waliolelewa kwa chupa, bila mama, huchimba.

Wiki za mwanzo mtoto wa paka hawezi kujisaidia mwenyewe. Mama humlamba ndipo mkojo utoke, na uchafu wote huumeza. Karibu na wiki ya nne, mtoto huanza kutafuta kitu laini cha kuparapara. Fikiria vifaranga wa bata walioatamiwa na kuku: wakiona dimbwi wanajitosa, kuku akibaki ukingoni akihangaika. Hawakufundishwa kuogelea, maji yaliamsha kilichokuwa ndani yao. Kwa paka, mchanga ndio dimbwi.

Mazoea huamua aina ya mchanga tu. Aliyekulia kitanda cha kamba hukosa usingizi kwenye godoro la sponji. Paka aliyezoea mchanga wa pwani naye huweza kukataa maranda ya mbao. Ukitaka kubadilisha, changanya kidogo kidogo.

Kwa nini anafukia? Jibu la kawaida ni kwamba anaficha harufu yake. Linaingia akilini, ila halitoshi, maana paka wanaozurura mashambani huacha vinyesi vingi wazi.

Marekani, watu walitumia mchanga na majivu hadi 1947, Edward Lowe wa Michigan alipompa jirani yake udongo mkavu uliokuwa ukiuzwa kwa ajili ya kunyonya mafuta yaliyomwagika. Paka aliukubali, na biashara kubwa ikazaliwa.

Kwa hiyo kazi yako ni kuandaa mahali. Tafuta beseni pana lenye ukingo mfupi, weka mchanga laini wa kina cha vidole vitatu, mbali na sahani ya chakula. Mpeleke akiamka na akimaliza kula, kisha mwache. Paka wawili, mabeseni matatu. Zoa kinyesi kila siku: paka hulikataa beseni chafu, na vimelea vya toksoplazma, viwezavyo kumdhuru mtoto aliye tumboni, vinavyoweza kutoka kwenye kinyesi huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.

Na paka aliyekuwa akitumia beseni vizuri akiacha ghafla, usiseme ni ukaidi. Huenda anaumwa. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka, njia yake huenda imeziba, na hali hiyo huua kwa siku chache. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.