Upondo haupindwi kwa mikono

Wiki hii nimeletewa tena mrukaji aliyefundishwa kwamba siri ya kuruka kwa upondo ni "kaza mkono wa chini, upinde upondo". Bega la mkono wa juu linamuuma, kiuno kinamuuma, na kila akisimika, yaani akichomeka ncha ya upondo, mguu wake wa kuruka unatua ndani kabisa, karibu na kisanduku, kile kishimo cha mwisho wa njia ya mbio ambamo ncha hugota. Kauli hiyo nimeisikia kwa wanariadha, kwa wazazi na hata kwa makocha wenzangu, na imeshaumiza watu wa kutosha.

Dhana: Mrukaji huupinda upondo kwa nguvu za mikono

Sivyo. Upondo hupindwa na kasi ya mwili unaokuja nyuma yake. Chukua mrukaji anayefika mahali pa kuruka kwa mita 9 kwa sekunde. Nishati ya mwendo huo ikigeuka yote kuwa kimo, inatosha kuuinua mwili wake mita 4.1 hivi. Mwongezee nusu mita tu kwa sekunde, inafika 4.6. Hakuna zoezi la mikono litakalokupa karibu nusu mita ya namna hiyo. Kazi ya mikono ni kuupitishia upondo kasi hiyo bila kuipoteza njiani.

Sasa tazama kinachomtokea anayewaza kupinda. Hatua mbili za mwisho anaanza kujiandaa kugongana. Kifua kinarudi nyuma, hatua ya mwisho inarefuka, mguu unatua mbele ya mkono wa juu, na mkono wenyewe unabaki nyuma ya kichwa, kiwiko kimekunjwa. Ncha inagonga ukuta wa kisanduku naye bado yuko chini. Hajaruka huyo. Ameng'olewa. Upondo unapinda sana, kweli, na hapo ndipo watazamaji wanapodanganyika. Umepinda kwa kasi iliyotakiwa kuusukuma hadi usimame wima, kwa hiyo unaishia njiani, na mrukaji anaangukia kando ya kisanduku badala ya katikati ya godoro. Hapo ndipo watu huvunjika.

Mruko mzuri unafanana zaidi na wa mtu wa kuruka mbali. Mkono wa juu umenyooka kabisa, juu kadiri unavyoweza kufika, na ncha ya mguu wa kuruka iko wima chini yake. Unaruka mbele na juu, kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20, na mguu unaacha ardhi wakati ncha ya upondo inapogota, au kitambo kidogo kabla. Kocha Vitaly Petrov alimfundisha mrukaji Sergey Bubka hivyo. Bubka akawa wa kwanza kuvuka mita 6, mwaka 1985 jijini Paris, na mita 6.14 alizoruka mwaka 1994 hazikupitwa na mtu yeyote kwenye uwanja wa wazi hadi Armand Duplantis aliporuka 6.15 jijini Roma mwaka 2020. Sababu ya kuruka hivyo ni hesabu nyepesi: mkono ukiwa juu zaidi, upondo unaanza ukiwa umeinuka zaidi, na safari yake ya kufika wima inapungua.

Jipime. Weka ncha ndani ya kisanduku, shika mshiko wako, nyoosha mkono wa juu wima, kisha mwenzako apige mstari wa chaki kwenye ncha ya kiatu chako. Halafu kimbia, yeye akichuchumaa pembeni na macho yake chini, asikutazame wewe hewani. Wengi ninaowapima mara ya kwanza wako ndani kwa urefu wa kiatu kizima. Na tafadhali, usikimbilie kurudisha alama ya kuanzia nyuma. Anayenyoosha hatua atazidi kunyoosha. Weka alama ya pili hatua sita kabla ya kuruka. Hiyo ndiyo itakayokuambia kosa linaanzia wapi.

Dhana: Kusimika ni tendo la hatua ya mwisho

Kuinua mikono kunaanza hatua tatu kabla, na mkono wa juu uwe umeshapita kichwa kabla mguu wa mwisho haujagusa chini. Kuchelewa hapa ndiko kunakozaa karibu kila kosa nililolitaja.

Dhana: Tazama kisanduku ili usikikose

Macho yakishuka, kichwa na kifua vinafuata. Kimbia huku ukitazama mbele na juu. Kisanduku hakihami.

Dhana: Mfupi hafai

Mfaransa Renaud Lavillenie, ambaye hafiki hata mita 1.80 kwa urefu, aliruka 6.16 ndani ya ukumbi mwaka 2014. Tuliache hilo.

Dhana: Upondo laini ndio salama kwa anayejifunza

Upondo usiolingana na uzito wako unapinda kupita kiasi, na unaweza kukatika. Soma uzito ulioandikwa kwenye upondo, uuheshimu.

Dhana: Mruko hurekebishwa kwa mbio kamili

Kwa mbio kamili mwili hurudia ulichozoea. Mimi hurudisha kila mtu kwenye hatua sita, mshiko wa chini, upondo usiopinda kabisa, bila ufito wa kuvuka. Kwa kuwa upondo haupindi, hana cha kulazimisha. Imebaki kuruka tu. Huyu wa wiki hii alikasirika, akasema nimemrudisha utotoni. Siku ya kwanza na ya pili alitua ndani ya mstari. Siku ya tatu, kwenye mruko wa saba, vidole vya kiatu vilifuta chaki, mkono ukiwa umenyooka. Alipoinuka kwenye godoro swali lake la kwanza lilikuwa kwa nini bega halijauma.