Bando linaliwa na kurudia, si kupakua

Mwalimu wa kwaya mmoja hapa Moshi aliniletea laptopu: bando la wiki linakata siku ya nne. Nikamuuliza mbona hahifadhi hizo video za mazoezi. "Kaka, kudaunlodi ndiko kunakokula bando."

Dhana hii naisikia kuliko zote, na ukweli uko upande wa pili. Unapotazama video, kompyuta inaipokea vipande vya sekunde chache chache, inaonyesha, kisha inavitupa. Data ni ileile ya kupakua, mradi ubora ni uleule. Video ya megabaiti 60, ukiirudia siku kumi hadi sauti ya tatu waishike, inakaribia megabaiti 600. Ukiihifadhi, ni 60 tu. Kinachoponza watu ni hiki: ukitazama huku mtandao unasuasua, ubora hushuka wenyewe, lakini yt-dlp, programu ya bure ya kupakua video, usipoipangia huchukua ubora wa juu kabisa. Iambie iishie ubora wa 480p, wa kati. Wanakwaya hawahitaji kuhesabu vifungo vya shati la mpiga kinanda.

Kuna wanaosema programu ya bure lazima ina virusi. yt-dlp ilizaliwa mwaka 2021 kutokana na youtube-dl ya mwaka 2006, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayejua kuusoma. Mimi naogopa zaidi zile tovuti za kupakulia zenye vitufe vitatu vya kijani, viwili vikiwa mtego.

Wengine hulalamika: "Video imetoka bubu, imeharibika." Haijaharibika. Tovuti nyingi hutuma picha peke yake na sauti peke yake, na programu nyingine ya bure, FFmpeg, ndiyo inayozifunga pamoja. Isipokuwepo, unaweza kuachiwa mafaili mawili. Na kubadili mwisho wa jina la faili kutoka webm kuwa mp4 hakubadilishi chochote ndani. Fungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, itacheza hivyo hivyo.

Programu kuwa bure hakufanyi video iwe yako. Masharti ya YouTube yanakataza kupakua bila idhini, na Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Filamu za kulipia zilizofungwa kwa ufunguo, yt-dlp haizifungui, na mimi sijaribu.

Zile za mwalimu hazikuwa na tatizo hilo. Alizirekodi mwenyewe kwa simu, na YouTube humruhusu mwenye video kuipakua kutoka kwenye akaunti yake. Nilipomuuliza za awali ziko wapi, akasema alizifuta kupisha picha za harusi ya shemeji.