Huduma ya mtandao kwenye Linux: kuisimamisha, kuilemaza na kuifunika

Katika mazungumzo ya kila siku neno huduma hutuletea picha ya mtu anayemtendea mwingine jambo: muuguzi kwa mgonjwa, karani kwa mwananchi aliyefika dirishani. Kwenye kompyuta inayotumia Linux maana yake inakaribia hiyo bila kuwa ileile. Huduma ni programu isiyo na dirisha wala kitufe, ambayo mfumo wenyewe huiwasha wakati kompyuta inapowaka, nayo hukaa nyuma ya pazia ikingoja kazi. Kazi hiyo ikiwa inafika kwa njia ya mtandao, kama vile ombi la kufungua ukurasa, la kuchapisha waraka au la kuingia katika kompyuta kutoka mbali, basi programu hiyo inaitwa huduma ya mtandao.

Mafundi wana jina jingine kwa programu za namna hii, nao huziita demoni, na ndiyo maana majina mengi ya huduma huishia kwa herufi d, kama sshd na cupsd. Msomaji asishtuke, kwa kuwa jina hilo halina uhusiano na mapepo ya kanisani. Lilianzia katika chuo cha MIT huko Marekani miaka ya 1960, likitokana na kiumbe wa kufikirika aliyebuniwa na mwanafizikia James Clerk Maxwell katika karne ya 19, aliyekaa kwenye kijilango kati ya vyumba viwili vya gesi akiamua chembe ipi ipite na ipi ibaki. Mfano huo unafaa kuliko ufafanuzi mwingi wa vitabuni, kwa sababu huduma ya mtandao nayo inakaa mlangoni.

Mlango wenyewe ni namba tu. Kila anwani ya kompyuta ina milango inayohesabiwa hadi 65535, na kwa desturi huduma zinazojulikana zina namba zake: 22 ni ya SSH, inayotumiwa kuingia katika kompyuta kutoka mbali, 80 ni ya kurasa za wavuti, 631 ni ya uchapishaji, na 5353 ni ya Avahi, ambayo kazi yake ni kutangaza na kutafuta vifaa vilivyo kwenye mtandao uleule. Huduma ikishika mlango, tunasema inasikiliza. Mlango ambao hakuna programu inayousikiliza hauna wa kuitika, hata ukibishwa mchana kutwa.

Tuchukue mwanafunzi wa informatiki hapa Lubumbashi, anayeandaa kazi yake ya mwisho wa masomo: programu ndogo ya kusimamia akiba ya dawa katika duka la dawa, yenye kurasa za wavuti na hifadhidata. Ameweka Apache, inayotoa kurasa za wavuti, na MariaDB, inayotunza hifadhidata, kwenye laptopu yake yenye Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux kama zilivyo Debian na Fedora, na kila kitu kinafanya kazi. Siku anayokwenda kuchapisha sura ya kwanza katika duka la fotokopi lililo karibu na chuo, anajiunga na Wi-Fi ya hapo pamoja na watu wengine kumi na watano asiowajua. Hajafungua ukurasa wowote wa mradi wake. Hata hivyo Apache imewaka tangu kompyuta ilipowaka, inasikiliza mlango wa 80, na mtu yeyote katika duka lile anayeandika anwani ya laptopu ile kwenye kivinjari chake anaweza kuusoma mradi huo, madaftari ya majaribio yakiwemo, isipokuwa kuwe na kizuizi kingine katikati.

Mwanafunzi huyo hakukosea amri yoyote. Kwenye Debian na Ubuntu, kuweka programu ya namna hii kunatosha kuiwasha papo hapo na kuiandikisha iwake kila siku, ilhali katika Fedora huduma kama hizo kwa kawaida hukaa zimezimwa hadi mwenyewe aziwashe. Mimi naona desturi ya Fedora ina busara zaidi kwa kompyuta ya mtu binafsi, ingawa ile ya Debian inamfaa anayeandaa seva.

Ili kujua ni nani anayesikiliza, teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inatosha, na amri ni moja: sudo ss -tulpn. Neno sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi, na herufi za mwisho zinaomba milango ya TCP na ya UDP, njia mbili za kusafirisha data mtandaoni, ile tu inayosikilizwa, pamoja na jina la programu iliyoushika kila mlango, na namba zionyeshwe kama namba. Watu wengi huishia kuhesabu mistari na kuogopa wingi wake, wakati jambo la kutazama ni safu ya anwani. Panapoonekana 127.0.0.1, huduma inaongea na kompyuta yake yenyewe tu, kama mtu anayejisemea chumbani, na jirani wa Wi-Fi hawezi kuifikia. MariaDB kwenye Ubuntu huja hivyo, na CUPS, huduma ya uchapishaji, nayo huja hivyo kwenye mlango wa 631. Panapoonekana 0.0.0.0, au kinyota, au mabano ya mraba yenye nukta mbili mara mbili, huduma inasikiliza kwenye anwani zote za kompyuta, na hapo ndipo penye swali. Apache ya mwanafunzi wetu iko katika kundi hili la pili. Huduma kumi za kundi la kwanza hazinitishi kama moja ya kundi la pili ambayo mwenye kompyuta hajui ilifikaje hapo.

Mwaka 2024 ulitoa mfano ulio wazi. Mwezi wa Septemba ilitangazwa kasoro katika cups-browsed, programu ndogo inayotafuta printa zilizo mtandaoni, ambayo ilikuwa ikisikiliza mlango wa UDP 631 kwenye anwani zote. Mtu wa nje aliweza kuipelekea ujumbe mfupi, ikaandikisha printa ya uongo, na mwenye kompyuta alipotuma waraka kwenye printa hiyo, amri ya mvamizi ikatekelezwa. CUPS yenyewe, iliyokaa kwenye 127.0.0.1, haikufikiwa moja kwa moja kutoka mtandaoni. Aliyefungua mlango wa nje ni msaidizi wake, na wengi waliokuwa naye hawakuwa na printa ya mtandao hata moja.

Sasa tufike kwenye kuzima, neno ambalo linachanganya watu kwa kuwa linabeba matendo matatu yasiyolingana. Mifumo mingi ya Linux ya leo husimamia huduma kwa systemd, iliyotokea mwaka 2010, na amri yake ni systemctl. Tendo la kwanza ni kusimamisha: sudo systemctl stop apache2. Huduma inakufa saa hiyo hiyo na mlango unaachwa bila msikilizaji. Lakini jina lake bado limo katika orodha ya zinazowashwa kompyuta inapowaka, na katika mji ambao umeme hukatika na kurudi bila taarifa, kompyuta ya mezani isiyo na betri inaweza kuwaka upya mara tatu kwa siku. Aliyesimamisha asubuhi atakuta mchana huduma imerudi, naye atadhani ama amri haikufanya kazi ama kompyuta ina virusi.

Tendo la pili ni kulemaza, yaani kuliondoa jina katika orodha hiyo: sudo systemctl disable apache2. Kinachofutwa ni kiungo kidogo katika folda za systemd, si programu yenyewe. Neno kulemaza lina ukali unaoweza kumtisha mgeni, wakati hakuna kilichovunjika: amri ya enable hurudisha kiungo mahali pake. Wanaoanza husahau kwamba kulemaza peke yake hakuiui huduma ambayo tayari inaendelea; inabaki hai hadi kompyuta izimwe. Ndiyo sababu yapo maneno yanayounganisha matendo yote mawili, sudo systemctl disable --now apache2, na kwa mwanafunzi wetu hiyo ndiyo dawa, kwani siku ya kufanya kazi kwenye mradi anaandika systemctl start na akimaliza anasimamisha.

Tendo la tatu ni kufunika, kwa amri ya mask. Hapa jina la huduma linaelekezwa kwenye /dev/null, shimo lisilo na kitu, kiasi kwamba hata programu nyingine ikitaka kuiamsha haitaweza mpaka iandikwe unmask. Kufunika ni kwa huduma unayoilemaza ikarudi, si kwa kila unayoikuta.

Kwa nini irudi? Kwa sababu systemd ina njia ya kusikiliza kwa niaba ya huduma. Faili yenye mwisho wa .socket hushika mlango, huduma yenyewe ikiwa imelala, na ombi la kwanza linapofika ndipo huduma inaamshwa. Kuanzia Ubuntu 22.10, SSH ilipangwa hivyo. Mtu aliyeweka openssh-server, kisha akalemaza ssh.service na kuridhika, atashangaa kuona mlango wa 22 bado unaitika, kwani aliyeushika ni ssh.socket, naye lazima alemazwe pia. Vivyo hivyo ukisimamisha cups.service, systemd hukuonya kwamba cups.socket na cups.path bado zinaweza kuiamsha. Onyo hilo hupita haraka kwenye skrini na wengi hawalisomi.

Zipo huduma ambazo hazistahili kuguswa kwa sababu tu zinahusu mtandao. NetworkManager ndiyo inayokuunganisha na Wi-Fi. Ukiilemaza, umejikatia intaneti mwenyewe. systemd-resolved, inayoonekana kwenye 127.0.0.53, hutafuta anwani za majina ya tovuti. Na systemd-timesyncd, ambayo huulizia saa mtandaoni, ina thamani ya pekee kwetu, kwani kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa mjini zina betri ndogo ya ndani iliyokufa, na kila umeme unaporudi tarehe inaruka miaka kadhaa nyuma. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2012 huona vyeti vya usalama vya tovuti kuwa bado havijaanza kufanya kazi, ikakataa kuzifungua, na mwenyewe analaumu mega zake za intaneti. Maadamu ukanda wa saa umechaguliwa Africa/Lubumbashi, huduma hiyo irekebishe yaliyobaki.

Avahi ni suala la mazingira. Ofisini penye printa ya mtandao inasaidia. Kwa asiye na printa ya mtandao na anayezunguka na Wi-Fi za watu, inatangaza jina la kompyuta kwa wote waliomo, na mimi ningeilemaza pamoja na avahi-daemon.socket yake. Kuhusu ukuta wa moto (firewall), yaani kizuizi kinachochuja maombi ya mtandao, Ubuntu huja na ufw ikiwa haijawashwa. Amri ya sudo ufw enable huzuia karibu maombi yote yanayoingia kutoka nje, nayo ni kinga nzuri juu ya kulemaza, kwa kuwa hulinda hata mlango uliosahauliwa.

Baada ya yote hayo, mwanafunzi arudie sudo ss -tulpn aone kama mstari wa 80 umeondoka. Kisha aazime simu ya mwenzake iliyo kwenye Wi-Fi ileile, aandike katika kivinjari anwani ya laptopu yake, ambayo amri ya ip a itamwonyesha. Simu ikisema muunganisho umekataliwa, hakuna anayesikiliza. Ikizunguka muda mrefu bila jibu, ukuta wa moto umemeza ombi. Na ukurasa wa akiba ya dawa ukifunguka, basi kuna faili ya .socket, au seva ya pili, ambayo bado haijatafutwa.