Hudi ya lenzi: lenzi gani inaihitaji, na ipi haiihitaji

Piga picha ya maharusi Capri Point, hapa Mwanza, saa 11 jioni, ziwa likiwa nyuma yao. Suti nyeusi ya bwana harusi inatoka kijivu, shela inapoteza nakshi zake, na karibu na bega la bibi harusi kunatokea kidoa cha kijani ambacho hakuna aliyekiona kwa macho. Wengi hulaumu kamera, nayo haina kosa. Jua liko nje ya fremu, lakini miale yake inakipiga kioo cha mbele kwa ubavu, inaingia ndani, inadundadunda kati ya vioo vya lenzi, kisha inamwagika juu ya picha nzima. Rangi nyeusi ndiyo huumia kwanza, kwa sababu mwanga kidogo tu ukiongezwa kwenye giza huonekana.

Hudi, ile kofia ya plastiki inayofungwa mbele ya lenzi, kazi yake ni kukitilia kivuli kioo hicho. Kwa hapa Mwanza nasema inafaa kununuliwa, lakini si kwa kila lenzi, na si kabla ya kujaribu kwa kiganja.

Jaribio ni hili. Weka kamera kwenye tripodi, tumia mfumo wa M (manual, unapopanga mwenyewe) ili mwanga usibadilike, piga picha ya kwanza. Kisha nyoosha kiganja juu ya lenzi, upande wa jua, hadi uone kivuli chake kimekifunika kioo chote cha mbele bila vidole kuingia kwenye fremu. Piga ya pili. Fungua histogramu za picha zote mbili, yaani ile chati ya giza na mwanga, giza likiwa kushoto. Kama ya kwanza imejitenga na ukuta wa kushoto na ya pili imeufikia, hudi itakusaidia. Kama zinafanana, tatizo liko kwingine: mara nyingi ni mafuta ya vidole kwenye kioo, au filta ya UV ya bei rahisi inayorudisha mwanga ndani. Vua filta, futa kioo, rudia.

Sasa tuangalie pembe, maana hapo ndipo watu hununua hudi wakaishia kuilaumu. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hushuka karibu wima, kama nyuzi 15 kwa saa, na huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache jioni kutegemea mwezi. Saa moja kabla ya kuzama liko kama nyuzi 15 juu ya upeo wa maji. Chukua kamera ya APS-C (yenye sensa ndogo, kama zilivyo nyingi za kuanzia), ishike kwa ulalo, upeo wa maji ukiwa katikati ya fremu. Lenzi ya milimita 50 inaona nyuzi 8 na nusu tu kwenda juu, kwa hiyo jua liko nje ya fremu na hudi ina kazi ya kufanya. Izungushe lenzi ya zumu hadi milimita 18: inaona zaidi ya nyuzi 22, jua limo ndani ya picha, na hakuna hudi duniani itakayolizuia. Na jua linapokaribia ukingo wa fremu, hudi hukinga nusu tu ya kioo. Saa ambazo hudi hulipa kweli ni kuanzia saa 10 hadi saa 11 na nusu. Baada ya hapo ni kupanga upya: sogea hadi nguzo, mti au jiwe likufichie jua.

Kwa hiyo ukiwa na milimita 50, au lenzi ndefu ya 55-250 au 75-300, nunua bila kusita. Kwa 18-55 ya kuanzia, hudi imekatwa kwa ajili ya milimita 18, kwa hiyo ni fupi, na ukivuta hadi 55 inakinga kidogo mno. Hapo kiganja kinaishinda.

Ukienda dukani, ulizia namba ya hudi ya lenzi yako, usiulizie kipenyo peke yake. Canon EF 50mm f/1.8 STM hutumia ES-68; Nikon AF-S 50mm f/1.8G hutumia HB-47. Kopi zinafaa, ila ipindue uitazame ndani: inapaswa kuwa nyeusi isiyong'aa. Ikiwa inang'aa kama sahani, yenyewe itaurudisha mwanga kwenye kioo. Ibandike mahameli nyeusi. Pia itikise. Ile isiyofunga kwa mlio wa "tiki" itaishia majini siku ya kwanza kwenye kivuko cha Kamanga, kwa upepo ule.

Zenye umbo la petali zina upande. Petali ndefu hukaa juu na chini, fupi kushoto na kulia. Ikikaa kombo, pembe za picha zinakuwa nyeusi. Kioo cha kutafutia, kile unachochungulia, cha kamera nyingi za DSLR za kuanzia huonyesha karibu asilimia 95 tu ya picha, kwa hiyo weusi huo hutauona hadi ufungue picha yenyewe.

Ukitumia flashi ya juu ya kamera, ivue hudi, la sivyo kivuli cha nusu duara kitalala chini ya picha. Ukiwa ndani ya kivuko na unapiga kupitia dirishani, hudi ya mpira ndiyo bora: ikandamize kwenye kioo na taa za ndani hazitaakisi tena kwenye picha.

Kwa asiyetaka kununua, manila nyeusi inatosha. Zungushia lenzi ya milimita 50, funga kwa utepe mweusi, acha sentimita 6 mbele ya kioo. Weka f/16 (tundu dogo la lenzi), fokasi mbali kabisa, piga ukuta mweupe. Ukiona pembe zimeingia giza, kata milimita 3, piga tena, hadi giza liondoke. Kisha ongeza mkato mmoja wa milimita 2 kwa ajili ya manila itakayopinda kidogo ikipata unyevu wa ziwani.