Je, wajua? Kura ya Brexit: Mkenya mwenye viza ndani, Mwingereza wa Hispania nje

Juni 2016 rafiki yangu mmoja, Mtanzania aliyekuwa akisoma Leeds, alinipigia simu kusema anakwenda kupiga kura ya Brexit. Nikamcheka. Pasipoti yako ya Tanzania, viza yako ya mwanafunzi, halafu ukaamue kama Uingereza itoke Umoja wa Ulaya? Nikamsomesha somo zima la uraia, kwa salio lake mwenyewe. Raia hupiga kura hata akiwa mwisho wa dunia, nikamwambia, na mgeni hutazama.

Nilikosea pande zote mbili. Yeye aliruhusiwa. Mwingereza wa kuzaliwa aliyekuwa ameishi Hispania miaka 16 hakuruhusiwa.

Wengi tunadhani kura ya maoni ya taifa hupigwa na raia wa taifa, basi. Kumbe hupigwa na waliomo kwenye daftari, na daftari huandikwa kwa sheria ambayo wabunge wanaweza kuipindisha watakavyo. Uraia ni kigezo kimoja tu, na si lazima kiwe cha kwanza.

Fikiria kikao cha ukoo. Shangazi aliolewa Mombasa miaka 40 iliyopita, lakini akifika hupewa kiti na neno lake hupimwa. Fundi cherehani aliyepanga chumba cha uani, anayejua siri zote za nyumba ile, hana la kusema. Sasa fikiria mkutano wa kijiji kuhusu bomba la maji. Hapo fundi ananyoosha mkono, maana ndiye atakayechota. Shangazi wa Mombasa ataletewa habari. Hakuna kikao kilichokosea. Kila kimoja kina orodha yake.

Visiwani Zanzibar wana hata jina la jambo hili: Mzanzibari mkaazi. Kura ya maoni ya Julai 31, 2010, iliyokubali serikali ya umoja wa kitaifa kwa asilimia 66.4, ilikuwa ya wakaazi. Kuzaliwa Pemba peke yake hakukutosha.

Uingereza ya 2016 ilifanya kikao cha tatu, cha mchanganyiko. Ilitumia daftari la uchaguzi wa wabunge, ambalo ndani yake wamo wakaazi wenye uraia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola, mradi wana ruhusa ya kuishi huko. Sababu ni ya zamani. Kabla ya 1949, aliyezaliwa koloni la Kenya na aliyezaliwa Kent wote waliitwa watu wa mfalme, hivyo akiwa Uingereza yeyote kati yao angeweza kuandikishwa. (Watanganyika na Wazanzibari walikuwa kundi jingine, la watu walio chini ya ulinzi wa Uingereza; rafiki yangu aliipata haki hii kwa mlango wa Jumuiya ya Madola.) Dola ikavunjika, sheria za uhamiaji zikakazwa, ila kile kipengele cha kura hakikufutwa. Ni kama mpangaji aliyebaki na ufunguo baada ya nyumba kuuzwa.

Matokeo yake yanachekesha kidogo. Mnyarwanda aliyeishi Leeds aliruhusiwa, kwa sababu nchi yake ilijiunga na Jumuiya mwaka 2009, ingawa haikuwahi kuwa koloni la Uingereza. Jirani yake Mrundi hakuruhusiwa. Mzimbabwe aliruhusiwa, ijapokuwa nchi yake ilijitoa Jumuiya mwaka 2003: jina lake lilisalia kwenye orodha ya sheria. Mfaransa aliyeishi London miaka 30, ambaye makazi yake ndiyo yaliyokuwa yakijadiliwa, alikaa nje. Wananchi wa Umoja wa Ulaya walioingia ni wa Ireland, Malta na Cyprus tu.

Na usiseme ndivyo Waingereza walivyo, maana miaka miwili kabla walifanya kinyume. Kura ya uhuru wa Uskoti ya Septemba 18, 2014 ilitumia daftari la serikali za mitaa. Mfaransa wa Edinburgh akapiga, hata vijana wa miaka 16 wakapiga. Lakini Sean Connery, mwigizaji aliyeupigania uhuru huo kwa miaka mingi, aliishi Bahamas. Hakuwa na kura.

Je, orodha hii ilibadilisha matokeo ya Brexit? Tofauti ilikuwa kura 1,269,501. Karatasi ya kura haiandikwi uraia, na kura za walio ng'ambo huchanganywa na za eneo walilowahi kuandikishwa. Kwa hiyo anayedai kwamba wageni ndio walioamua, na anayedai kwamba waliofungiwa nje wangeokoa jahazi, wote wanapiga ramli.

Kwa Waingereza wa ng'ambo, ukomo wenyewe ulikuwa ukichezacheza. Walipewa kura kwa sheria ya 1985, kwa waliohama ndani ya miaka 5. Mwaka 1989 ikawa 20. Mwaka 2000 wabunge wakaishusha hadi 15. Ukitafuta hesabu iliyozaa namba hizi utakuta majadiliano ya bungeni, si hesabu.

Aliyepambana na ukomo huo zaidi ni Harry Shindler, askari wa Uingereza wa Vita vya Pili vya Dunia aliyepigana Anzio, Italia, kisha akahamia nchi hiyo mwaka 1982. Alishindwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2013, akashindwa tena mahakamani London wiki chache kabla ya Brexit. Bunge likapitisha sheria ya kufuta ukomo mwaka 2022, ikaanza kutumika Januari 16, 2024. Shindler alifariki Februari 2023, akiwa na umri wa miaka 101.