Eskale bila kukwama: yanayosemwa Lubumbashi kuhusu kubadilisha ndege, na yalivyo kweli

Anayetoka uwanja wa Luano kwenda Brussels, Dubai au Guangzhou hubadilisha ndege njiani, mara nyingi Addis Ababa, Nairobi au Johannesburg. Kabla ya safari hupewa ushauri mwingi na ndugu na majirani, na karibu wote unahusu atakachokutana nacho kwenye uwanja mkubwa: umbali, ngazi za umeme, foleni. Ila kinachomkwamisha abiria kwa kawaida kimeamuliwa zamani. Kiko katika tiketi ilivyokatwa, katika kibandiko kilichofungwa kwenye valizi pale Luano, au katika viza ambayo hakuna aliyeiuliza.

Dhana: "Tiketi zangu mbili zimelipwa zote, kwa hiyo safari imeunganishwa."

Hii ndiyo dhana inayogharimu watu pesa nyingi kuliko zote. Tiketi ya ndege ina namba ya tarakimu 13. Tatu za kwanza ni za shirika lililoitoa: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways, 083 ni South African Airways, 082 ni Brussels Airlines. Ikiwa safari yako nzima, toka Lubumbashi hadi mwisho, iko chini ya namba hiyo moja, umenunua safari moja na shirika lina wajibu wa kukufikisha mwisho. Tiketi moja hubeba vipande vinne tu vya safari. Kwa hiyo mwenye ndege tano au sita, kwenda na kurudi, hupewa namba mbili zinazofuatana, na hizo bado ni tiketi moja.

Namba mbili zisizofuatana ni jambo jingine kabisa. Hapo una safari mbili ambazo hazijuani. Ndege ya kwanza ikichelewa saa tatu, shirika la kwanza limemaliza kazi yake likikushusha Addis. Shirika la pili linakuandika kuwa hukutokea, na tiketi mpya unanunua mwenyewe, kwa bei ya siku hiyo. Usiridhike na ule msimbo wa herufi na tarakimu sita ambao ajensi anakuandikia kwenye karatasi, maana tiketi mbili tofauti zinaweza kukaa ndani ya msimbo mmoja. Mwombe akuonyeshe namba za tarakimu 13 kabla hujalipa. Ajensi mwaminifu hatachukia swali hilo.

Wengine hutuliza wasiwasi kwa kusema mashirika yote mawili yako katika muungano mmoja. Ni kweli kwamba Ethiopian ni mwanachama wa Star Alliance tangu 2011, pamoja na Brussels Airlines, Lufthansa na Turkish, na kwamba Kenya Airways iko SkyTeam pamoja na Air France na KLM. Lakini muungano haugeuzi tiketi mbili kuwa moja. Ukichagua tiketi mbili kwa sababu ya bei, na wakati mwingine tofauti ya bei ni kubwa kweli, jiwekee nafasi ya usiku mzima kati ya ndege na ndege, na hakikisha unaruhusiwa kuingia nchi ya katikati, kwa sababu kwa kawaida utalazimika kutoka nje kuchukua mzigo na kuuandikisha upya.

Dhana: "Saa moja na dakika kumi? Ajensi amenidanganya."

Si lazima. Kila uwanja mkubwa una muda wa chini kabisa wa kuunganisha uliotangazwa, na mitambo ya kuuzia tiketi hukataa kuunganisha ndege zilizokaribiana kuliko hapo. Frankfurt, kwa mfano, unajulikana kwa dakika 45. Kwa hiyo dakika 70 kwenye tiketi moja ni muunganiko halali.

Halali, lakini hesabu yake ifanywe vizuri. Lango hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya saa ya kuondoka iliyoandikwa, si kwenye saa yenyewe. Kutoka magurudumu yaguse ardhi hadi wewe wa kiti cha nyuma ushuke, hesabu dakika 20, na zaidi kama mnachukuliwa kwa basi. Katika zile 70 zimebaki dakika 30 za foleni ya ukaguzi na kutembea. Addis foleni hiyo ina saa zake: ndege za Ulaya na Asia hutua asubuhi kwa kundi, kisha za kwenda miji ya Afrika huondoka kwa kundi, jioni mkondo unageuka. Watu wa ndege nyingi hufika kwenye mashine zilezile kwa wakati mmoja.

Jambo ambalo wachache huliangalia ni upande wa kurudi. Ukikosa muunganiko kwenye tiketi moja, shirika linakuweka kwenye ndege inayofuata. Ukiwa unakwenda mji mkubwa wa Ulaya, hiyo inaweza kuwa baada ya saa chache, hata kupitia mji mwingine. Ukiwa unarudi Lubumbashi, ndege inayofuata inaweza kuwa kesho au baadaye. Ndiyo maana tunashauri: kama ratiba inakupa uchaguzi, muunganiko mfupi uweke wakati wa kwenda, na mrefu wakati wa kurudi.

Ukiona tayari umechelewa, mwambie mhudumu ndani ya ndege kabla ya kutua, kisha fuata alama za abiria wanaobadilisha ndege hadi kaunta yao. Usipite uhamiaji kwenda nje. Kwenye kaunta uliza mambo matatu kwa pamoja: kadi mpya ya kupandia, vocha ya chakula, na hoteli kama ndege ni ya kesho. Asiyeuliza mara nyingi hukaa kwenye kiti usiku kucha.

Dhana: "Valizi itanifuata yenyewe."

Valizi inafuata kibandiko, haikufuati wewe. Kwenye kibandiko kuna msimbo wa herufi tatu wa uwanja wa mwisho, ulioandikwa mkubwa, na misimbo ya viwanja vya katikati ikiwa midogo. Anayekwenda Brussels kupitia Addis aone BRU kwa herufi kubwa na ADD pembeni. Akiona ADD peke yake, mzigo wake unaishia Addis. Soma kibandiko valizi ikiwa bado kwenye mizani. Ikishapita kwenye mkanda, kurekebisha ni kazi kubwa. Ng'oa vibandiko vyote vya safari za zamani, hata vile vidogo vya gundi, kwa sababu mashine husoma msitari wowote inaoukuta. Kipande unachopewa kina tarakimu kumi: ndilo jina la valizi yako, kipige picha.

Pale pale kaunta hesabu kadi za kupandia. Ndege mbili, kadi mbili. Ukipewa moja, uliza kwa nini, na uliza ya pili utaipata wapi.

Kuna nchi ambazo hata kibandiko kikiwa sahihi, mzigo unauchukua mwenyewe njiani. Marekani kwa kawaida ni hivyo kwa abiria anayetoka ng'ambo: uwanja wa kwanza unaotua unachukua valizi, unapita forodha, kisha unaikabidhi tena. Afrika Kusini ni vivyo hivyo kwa anayetua Johannesburg akaendelea na ndege ya ndani hadi Cape Town au Durban.

Valizi isipofika, usitoke ukumbini kabla hujaandikisha. Unakwenda kwa shirika lililokuleta mwisho, hata kama unaamini mzigo ulipotelea kwa lile la kwanza. Unapewa namba ya ufuatiliaji yenye alama kumi, mfano FBMET12345: herufi tatu za uwanja, mbili za shirika, na tarakimu tano. Kwa safari zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika yaandikwe ndani ya siku 7, ya uliochelewa ndani ya siku 21 tangu uupokee, na usipoonekana kwa siku 21 unaweza kudai kama uliopotea. Kiwango cha juu cha fidia tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa abiria mmoja. Fedha taslimu na dhahabu visisafiri kwenye valizi ya chini kamwe.

Dhana: "Nisipotoka nje ya uwanja, sihitaji viza."

Kwa mwenye pasipoti ya Kongo, dhana hii inaweza kuua safari hapo hapo Luano. Addis, abiria anayebaki ndani ya uwanja akisubiri ndege yake ya siku hiyohiyo hahitaji viza. Ulaya ni tofauti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika orodha ya Umoja wa Ulaya ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita uwanjani, viza ya aina A, hata kama hawatoki kwenye eneo la kimataifa la Brussels, Paris au Frankfurt. Wanaosamehewa ni pamoja na mwenye viza halali au kibali cha kukaa cha nchi ya Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao), na anayekwenda Marekani, Kanada au Japani akiwa na viza halali ya nchi hiyo.

Kisha kuna mtego ndani ya mtego. Viza ya aina A inakuruhusu kubaki eneo la kimataifa la uwanja tu. Ukitua Paris ukapanda ndege ya Brussels, halafu Brussels ukapanda ya Montréal, kile kipande cha Paris hadi Brussels ni safari ya ndani ya Schengen. Unahitaji viza ya kuingia, aina C. Uingereza nayo inawataka Wakongo wawe na viza ya kupita hata wasipotoka nje. Marekani haina kabisa eneo la kupita bila kuingia: kila anayetua anakaguliwa na uhamiaji, hivyo anayekwenda Mexico kupitia Miami anahitaji viza ya Marekani.

Karani wa kaunta hafuati huruma yake hapa. Anafungua mfumo uitwao Timatic, anaingiza pasipoti yako na njia yako, na mfumo ukijibu hapana, hupandi. Mwambie ajensi akufungulie mfumo huohuo kabla ya kulipa.

Kadi ya njano: bado wapo wanaolipia chanjo mpya kila baada ya miaka kumi. Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha homa ya manjano kinatambulika kwa maisha yote, hata kama kimeandikwa tarehe ya mwisho. Chanjo ya kwanza huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanjwa wiki ya safari hakusaidii.

Dhana: "Luano walishanipekua, sitapekuliwa tena."

Utapekuliwa. Uwanja wa kuunganishia hautegemei ukaguzi wa uwanja uliotoka. Mafuta ya mawese, pilipili ya mafuta, siagi ya karanga: vyote huhesabiwa kama kimiminika. Kwenye viwanja vingi kila chombo kisizidi mililita 100, vyote vikae katika mfuko mmoja angavu wa lita moja, na chombo cha mililita 250 chenye mawese kidogo chini hakikubaliwi, kwa sababu kinachopimwa ni chombo. Weka mawese kwenye valizi ya chini, chupa ndani ya mifuko miwili. Pombe au manukato ya duka lisilo na ushuru yabaki katika mfuko wake uliozibwa, risiti ikionekana, hadi mwisho wa safari.

Benki ya umeme ya simu ni kinyume chake: haiendi chini kamwe. Kikomo bila kibali ni Wh 100, kipimo cha nishati iliyomo. Zidisha mAh zilizoandikwa juu yake kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita; ya 30,000 ni Wh 111, inahitaji kibali cha shirika. Wakikuchukulia begi la mkononi langoni kwa sababu ndege imejaa, toa benki hiyo kwanza.

Dhana: "Watanitangaza."

Viwanja vingi vikubwa vimepunguza matangazo ya sauti, na Istanbul umeyaacha karibu yote. Tazama ubao, na utazame tena baada ya nusu saa, maana lango hubadilishwa. Saa zote kwenye tiketi ni za mji husika, kwa mfumo wa saa 24. Addis iko saa moja mbele ya Lubumbashi, Johannesburg ni sawa nasi, Kinshasa iko saa moja nyuma. Simu iliyofungwa mtandao inaweza kubaki na saa ya Luano. Wenyeji wa Addis huhesabu saa kama Waswahili, kuanzia macheo, lakini ubao wa uwanja hauhesabu hivyo. Ndege ya saa 00:30 ya tarehe 15 inakutaka uwe uwanjani usiku wa tarehe 14.

Dhana: "Nimelipa yote, naweza kuanzia njiani."

Mtu ana tiketi ya Lubumbashi–Addis–Brussels, yuko Nairobi kwa shughuli, anaona afadhali aende Addis kwa njia yake na kupanda pale. Akifika anakuta nafasi yake imefutwa. Vipande vya tiketi hutumika kwa mpangilio wake. Ukiruka cha kwanza, vilivyobaki hufutwa, pamoja na vya kurudi. Ndugu wa Goma na Bukavu wanaoanzia Kigali wakate tiketi inayoanzia Kigali. Kama mipango imebadilika baada ya kununua, piga simu kwa shirika kabla ndege ya kwanza haijaondoka. Kubadilisha kuna gharama, ila bado una tiketi.