Bawa la kitambaa linavyotoa maji, au linavyoyaficha

Bawa la kitambaa, yaani bawa la ndege ndogo ambalo mifupa yake imefunikwa kwa kitambaa, hupata maji hata ndege ikilala ndani ya hanga. Baridi ya usiku hugeuza mvuke uliomo bawani kuwa matone, nayo huteremka hadi sehemu ya chini kabisa. Ndege ya gurudumu la mkiani husimama pua juu, kwa hiyo maji hukusanyika kwenye ukingo wa nyuma.

Hapo ndipo penye kazi ya tundu la kutolea maji: upande wa chini, likiukaribia ukingo huo kadiri inavyowezekana, moja kwa kila nafasi kati ya ubavu na ubavu (mbavu ni vipande vinavyolipa bawa umbo). Ukilisogeza mbele sentimita mbili tu, nyuma yake panabaki dimbwi. Kama bawa linapanda kuelekea nchani, litoboe kwenye kona iliyo karibu na bodi (kiwiliwili cha ndege), maana maji huegemea huko. Ailoni (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoinamisha ndege) na usukani wa mkiani navyo vinahitaji matundu yavyo.

Pete ya plastiki ya kuimarisha tundu hubandikwa kwa dopu, rangi maalumu ya kupaka kitambaa, kabla ya tabaka zake za mwisho. Poliesta hutobolewa kwa ncha ya moto, ili nyuzi ziyeyuke na kingo zisichanike. Pamba hukatwa kwa kisu kikali. Utashangaa ni mabawa mangapi yana pete zilizopangwa vizuri, zimepakwa rangi, na hakuna hata moja iliyotobolewa! Pete zenye kofia, mdomo uelekee nyuma upepo uvute maji. Ukielekea mbele, zinaingiza mvua bawani.

Kitambaa cha pamba kilichakaa na kuvuliwa mapema, fundi akaiona mifupa ya bawa. Poliesta hukaa miaka 20 na zaidi, na kutu nayo inapata muda huohuo. Ndiyo maana chuma na alumini nazipaka praima ya epoksi kabla ya kufunika: praima ya kawaida hulainishwa na viyeyusho vya dopu. Skrubu ya chuma inayoingia kwenye alumini ichovywe praima, ifungwe ingali mbichi. Kwenye boriti ya mbao, mhimili mkuu wa bawa, vanishi iingie hadi ndani ya matundu ya bolti na kwenye ncha zilizokatwa. Mbao ikizidi unyevu wa asilimia 20, kuvu huanza kuila.

Kwa tochi na kioo kidogo, tafuta ungaunga mweupe kwenye alumini, weusi kwenye mbao kuzunguka misumari, na viota vya panya, ambavyo hushika unyevu na mkojo unaokula metali. Baada ya mvua, tundu lililo kavu huku jirani zake yakidondosha maji limeziba. Lizibue kwa kijiti butu, si msumari.